Jicho la Mwosha

Ukishabadilisha kioo cha simu, kazi haijaisha mpaka uijaribu. Unaiwasha, unabana alama ya programu moja kwa kidole na kuiburuta kioo kizima, kona hadi kona, ukitafuta sehemu isiyoitika. Unapiga simu moja usikie spika. Mwisho unajaribu kamera, maana simu ikifunguliwa, waya wa kamera huweza kulegea bila fundi kujua. Unapiga picha moja. Mimi hupiga feni iliyo juu ya meza yangu. Halafu lazima uifungue picha uone kama imetoka safi, na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu picha ya feni haikai peke yake. Nyuma yake kuna harusi, kuna watoto, kuna risiti za dukani, kuna mambo.

Huu ni mwaka wangu wa 14 katika kazi hii. Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga: meza moja, hita, miwani ya kukuza, kopo la spiriti na droo iliyojaa simu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Watu wa mtaa huu hawawezi kumwachia seremala ufunguo wa nyumba wakaenda zao sokoni. Lakini simu wananiachia, na paswedi juu. Wengine hunichorea patani kwenye karatasi ya sigara. Yupo mzee mmoja ambaye hunitajia yake kwa sauti mbele ya foleni nzima, mwaka aliozaliwa, kisha huniuliza kama nimesikia.

Jioni hunisaidia mpwa wangu, akitoka chuo cha ufundi. Ni kijana mwepesi wa mikono, na muda wake mwingine wote umekwenda kwenye gemu. Siku moja niliichukua simu yake nikawa namzimia ruhusa, moja baada ya nyingine: programu hii isijue ulipo, hii isisikie maikrofoni, hii ya kubadilisha rangi za kioo ina haja gani na majina ya watu wako? Akawa ananitazama anacheka.

"Mjomba," akaniambia, "Mwenyezi Mungu si anatuona saa zote? Sasa hao wenye kampuni wakituona kuna kosa gani? Anayeogopa ni mwenye la kuficha."

Nami nilicheka. Lakini neno lile lilinikaa. Mimi ni mtu wa dini kwa kiasi changu, na sijawahi kuona uzito katika kuonwa na Mungu. Huvua nguo nikaoga bila kumwonea haya. Kwa nini basi nikikumbuka kwamba kuna kompyuta mahali fulani inayojua usiku gani sikulala, na nilikuwa nikitafuta dawa gani, nasikia kama mtu kasimama dirishani kwangu?

Baba yangu alikuwa mwosha maiti. Kwa riziki alikuwa msukuma mkokoteni bandarini, lakini akifa mwanamume mtaani kwetu, aliyeitwa ni yeye. Nilipotimiza miaka 16 alianza kunichukua nimmiminie maji. Aliyoyafanya anayajua kila mwosha: maiti husitiriwa kwa shuka kutoka kitovuni hadi magotini na hiyo shuka haiondolewi, mkono wa mwosha huviringishwa kitambaa, na sehemu zile huoshwa kwa kupapasa chini ya shuka, bila kutazama. Maji huchanganywa na majani ya mkunazi, na ya mwisho hutiwa karafuumaiti. Chumbani huingia wachache, wale tu wanaohitajika. Ubani hufukizwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na baba alinieleza sababu. Hufukizwa ili harufu yoyote ikitoka, asiwepo wa kusema imetoka kwa marehemu.

Kisha linakuja sharti ambalo halina kitambaa wala ubani. Ukiona zuri kwa maiti, uso uliong'aa, tabasamu, unaruhusiwa kulisema. Ukiona baya, kidonda, alama, kitu ambacho mkewe hakukijua, unalizika naye.

Watu huisema methali ya mwosha huoshwa kama kitisho: unalomtendea mwenzio nawe utatendewa. Baba aliielewa kwa namna ya upole zaidi. Alisema mwosha husitiri kwa sababu anajua naye iko siku atalala juu ya kitanda kile hana mkono wa kujifunikia, na jicho litakalokuwa juu yake halitakuwa lake.

Ndiyo maana neno langu katika jambo hili ni stara, na siri nimeiweka kando. Siri ni kitu nilicho nacho mimi. Stara ni kitu unachonifanyia wewe. Mwenye siri anaweza kuwa peke yake duniani na siri yake ikabaki. Stara haiwezi kuwepo mpaka wawepo wawili, anayeonekana na anayeona. Na mzigo wake uko kwa anayeona.

Wenzetu wameanzia upande mwingine. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala katika jarida la sheria la Harvard wakidai kwamba mtu ana haki ya kuachwa peke yake. Miaka miwili nyuma yake Kodak walikuwa wameanza kuuza kamera ya mkononi, na magazeti yalikuwa na njaa ya habari za sebuleni kwa watu. Kutokana na mbegu kama ile zimeota sheria nyingi, na hata yetu hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni ya ukoo huohuo: taarifa ni zako, una haki juu yake, ukidhulumiwa ulalamike. Siidharau. Ila haki ina tabia moja ngumu. Inamtaka mwenyewe ajue kwamba ameibiwa. Maiti hajui. Na mteja wangu aliyeniachia simu akaenda kununua mchicha hajui pia.

Nirudi kwa mpwa wangu na neno lake la mwenye la kuficha. Kisa cha kumjibu nilikisikia kwenye darasa baada ya magharibi, na wengi wanakijua. Omar bin Khattab, khalifa wa pili, alikuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku. Inasimuliwa kwamba alisikia kelele za starehe ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe mbele yake. Akamkemea. Yule mtu hakukana. Alimwambia khalifa kwamba yeye amekosa moja na khalifa amekosa matatu: amepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa, ameingia kwa ukuta, na waumini wameamriwa kuingia kwa mlango, tena ameingia bila hodi wala salamu. Khalifa akakubali, akaondoka.

Kinachonipendeza katika kisa hiki ni kwamba yule mtu hakuwa na tone la usafi. Pombe ilikuwepo. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na la kuficha, ni yeye, na bado khalifa mwenye nia njema ndiye aliyeteremka ukuta kwa aibu. Kwa hiyo swali la kama una la kuficha liliulizwa likafungwa zamani sana. Chuoni tulifundishwa kwamba hodi yenyewe iliwekwa kwa ajili ya jicho. Miguu ni ya pili. Ukishachungulia tunduni, umekwisha kuingia.

Sasa hodi za siku hizi. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni moja iliyotengeneza programu ya tochi. Tochi tu, ya kumulika. Ilikuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni kwenye simu za Android, na ilikuwa ikiwapelekea watangazaji mahali mtu alipo pamoja na utambulisho wa simu yake. Lililoniacha mdomo wazi ni kwamba kile kibonyezo cha kukubali au kukataa masharti kilipokuwa bado kinasubiri kidole chako, programu ilikuwa imeshaanza kutuma. Huyo ni mgeni anayepiga hodi akiwa ameketi sebuleni, kikombe cha chai mkononi. Simu zinazonifikia bado zina tochi kama hizo, za kupakua, ilhali simu yenyewe imetoka kiwandani na tochi yake. Huzifuta kwa idhini ya mwenyewe. Wengine hunikatalia, wanasema ile ina mwanga mkali zaidi. Taa ni ileile moja, lakini nani atabishana na mteja?

Na zile ambazo hodi yake ni halali, masharti yake yameandikwa kwa Kiingereza, marefu kuliko khutba ya Idi, na chini yake pana neno moja la kubonyeza. Mama anayeuza vitumbua asubuhi anabonyeza ili aione picha ya mjukuu wake aliyeko Muscat. Hapo amesema karibu? Mimi naona amesema nipisheni nimwone mjukuu wangu.

Mpwa wangu si mtu wa kushindwa na kisa kimoja cha darasani. Alikuja siku nyingine na hoja bora. "Lakini mjomba, hakuna mtu anayesoma. Ni mashine. Mashine haina umbea. Mimi nikiwa nakoga nyuma ya nyumba na mbuzi wa jirani ananitazama, nijifunike?"

Nilikiri kwamba ni hoja. Mbuzi ameona uchi wa wanadamu tangu Nabii Adam na hakuna aliyevunjiwa heshima. Fedheha haitoki kwenye mwanga kugonga jicho; inatoka pale jicho linapokuwa na moyo nyuma yake unaokupima. Na mashine haina moyo. Kwa wiki nzima nilitembea na mbuzi huyu kichwani.

Jibu nililipata kwenye gemu lake mwenyewe. Anacheza eFootball, ile ambayo zamani iliitwa PES kabla haijabadilishwa jina mwaka 2021 na kuwa ya bure. Ya bure, ila wachezaji wazuri hupatikana kwa bahati nasibu, na bahati hiyo ina sarafu zake, na sarafu zinauzwa kwa pesa ya kweli. Nilimketisha tukatazama pamoja matumizi yake ya miezi mitatu. Alikuwa amenunua mara sita. Nikamwuliza kila mara ilikuwaje. Mara tano alikuwa ametoka kufungwa, usiku, baada ya saa tano, akiwa na hasira. Hakuwa amejua. Mimi pia nisingejua, isingekuwa saa na tarehe vimeandikwa.

Sisemi kwamba gemu lile lilimtega. Sijui kilicho ndani yake. Ninalosema ni kwamba saa na tarehe zile, ambazo mimi nilizitazama dakika 20 tu nikamjua mpwa wangu kuliko nilivyomjua kwa miaka 19, zimeandikwa zote, na aliyeziandika anauza kitu. Na wapo waliobainika wakitumia hila. Mwaka 2022 Epic Games, wenye gemu la Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza madai ya tume ileile ya Marekani: milioni 275 kwa kukusanya taarifa za watoto bila ruhusa ya wazazi, na milioni 245 za kuwarudishia wachezaji walioburutwa kununua kwa vibonyezo vilivyopangwa kwa hila. Hakuna mtu aliyekaa akamtazama mtoto fulani. Mbuzi alitazama. Lakini mbuzi huyu ana daftari, na daftari lina mnunuzi.

"Kwa hiyo mbuzi anasema," akasema mpwa wangu.

"Hasemi. Anakuuzia."

Akanyamaza, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Lakini swali lake la kwanza lilikuwa la Mungu, na hilo nilikuwa bado sijalijibu hata kwa nafsi yangu. Kwamba tunaandikwa, tunaandikwa. Kila mtoto aliyepita chuoni anawajua malaika wawili, wa kulia na wa kushoto. Ukitazama haraka utaona ni habari ileile: daftari huku, daftari kule. Mimi mwenyewe niliwahi kumsikia kijana msikitini akisema kwamba simu zimemrahisishia kuamini malaika. Sikumlaumu.

Tatizo lake ni kwamba hakuuliza wanaandikaje. Mwalimu wetu wa chuo, mzee aliyekuwa na fimbo ndefu na moyo laini, alitufundisha kwamba malaika wa kushoto hana haraka. Mja akikosa husubiri, huenda akatubu. Alitufundisha kwamba mtu akikusudia baya kisha akaliacha kwa ajili ya Mungu, haliandikwi baya, tena anaandikiwa jema. Na lililoandikwa likatubiwa hufutwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni huruma tu. Sasa naona ni zaidi: ni namna fulani ya kumjua mtu. Kwa hesabu hii, ulilolitaka kisha ukalikataa ni ushahidi wa jinsi ulivyo mwema.

Lipeleke hilo kwenye simu. Mwaka 2013 watafiti wawili, Sauvik Das na Adam Kramer, walichapisha utafiti uliofanywa ndani ya Facebook kuhusu watu wanaoandika jambo kisha wakaghairi kulituma. Waliwaangalia watumiaji milioni 3.9 kwa siku 17. Asilimia 71 walikuwa wameandika kitu angalau mara moja na kukifuta. Watafiti walieleza kwamba maneno yenyewe hawakuyachukua, walihesabu tu kwamba mtu ameandika na hakutuma. Nawaamini. Lakini fikiria kilichohesabiwa. Mtu ameandika tusi kwa shemeji yake, kidole kimesita, amemkumbuka Mungu au amemkumbuka mama yake, amefuta. Kwa malaika wa mwalimu wangu, pale limeandikwa jema. Kwa ule utafiti, pale limetokea tatizo la kuchunguzwa: chapisho limepotea, na watu wasipochapisha biashara inapungua nini?

Na kusita huko ndiko duka la mtandaoni linakokukumbusha kesho yake kwa ujumbe kwamba uliacha kitu kwenye kikapu. Uliacha kwa sababu ulishinda nafsi yako. Mwenye duka ameona mlango uliobaki wazi nusu.

Hapo nilipata tofauti niliyokuwa naitafuta. Kuonwa na Mungu hakunitii hofu ya dirishani kwa sababu miongoni mwa majina tunayomwitia ni Msitiri. Huona kuliko wote na husitiri kuliko wote; mambo mawili hayo kwake hayaachani. Bibi yangu akiomba dua hakuwa akiomba Mungu asione. Aliomba amsitiri, na bila shaka alijua kwamba ombi hilo hupelekwa kwa aliyekwisha kuona. Kampuni imechukua nusu ya sifa, nusu ya kuona, ikaiacha nyingine.

Nusu iliyoachwa tumeiona mtaani kwetu. Kijana mmoja muuza matunda alikopa shilingi 60,000 kwa programu ya simu, mikopo ya dakika mbili isiyo na dhamana. Dhamana ilikuwepo: orodha yake ya majina. Alipochelewa siku nne, ujumbe ulikwenda kwa mama mkwe wake, kwa imamu, kwa mwenye nyumba na kwa fundi wake wa simu, yaani mimi, tukiarifiwa kwamba huyu ni mwizi na sisi tumemdhamini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, na watu wakashukuru. Yule kijana alilipa akafuta programu. Imamu hakumwambia kitu, alimsalimia kama jana. Lakini kijana amehamia kuswali msikiti wa mbali.

Hadi hapa nimejisifu, kama mtu aliyesimama upande wa mwosha. Nina jambo la kusema.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mdogo kwangu kwa umri, aliniletea simu iliyopasuka kioo vibaya, kama iliyogongeshwa ukutani. Nikaitengeneza. Nikapiga picha ya feni, nikaifungua, ilikuwa safi. Kazi ilikuwa imekwisha. Nikatelezesha kidole mara moja zaidi.

Hakuna aliyenisukuma. Nimejaribu tangu siku ile kusema kilikuwa kidole tu, mazoea ya mkono. Nilitaka kuona. Nikaona mkono wa mwanamke uliovilia damu juu ya kiwiko, alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Picha iliyofuata ilikuwa shavu. Zilikuwa zimepigwa vizuri, mwangani, mtu anavyopiga kitu anachotaka kije kusomeka. Mumewe tunaswali safu moja. Hunisogezea nafasi.

Alipokuja kuchukua simu, bei tuliyokubaliana ilikuwa 45,000. Nikamwambia atoe 30,000.

Alizitazama noti mkononi, kisha akanitazama mimi. Sijapata kumwona mtu akielewa kwa kasi ile. Sikuwa nimefungua mdomo, sikumwambia mtu, hata mke wangu sikumwambia, sharti la baba nilikuwa nimelitimiza herufi kwa herufi. Na bado nilikuwa nimemvua nguo pale kaunta, kwa elfu 15.

"Nani kakuomba upunguze?" akasema. Akahesabu 45,000 zote, akaziweka juu ya meza, akaondoka. Simu yake iliyofuata ilikwenda kwa fundi mwingine.

Jambo hili linaivuruga hoja yangu yote, nami naliacha liivuruge. Kwanza, linaonyesha kwamba kunyamaza hakutoshi. Mtu akishajua, ujuzi hutoka mahali pengine, kwa bei, kwa salamu, kwa jicho linalokwepa. Kwa hiyo mwosha mwema ni yule aliyeweka kitambaa mkononi mapema, kuliko aliyetazama akafunga mdomo. Kampuni ikiniambia inazo taarifa zangu zote lakini ina sera kali za kuzilinda, namkumbuka fundi aliyepunguza bei.

Pili ni gumu zaidi. Zile picha zilipigwa ili siku moja zionwe. Na mwenye safu yangu bado ananisogezea nafasi. Je, stara yangu ilikuwa ya nani, ya yule mama au ya mumewe? Agosti 2021 Apple walitangaza mpango wa simu kuzikagua picha zinazopandishwa kwenye hifadhi yao, kutafuta picha zinazojulikana za watoto waliodhulumiwa. Wakapingwa na watetezi wa faragha, wakaahirisha, na Desemba 2022 wakaachana nao. Nikisoma hoja za wapingaji nakubaliana nao: jicho likishafunguliwa kwa ajili ya hao, kesho litafunguliwa kwa ajili ya wengine. Nikimkumbuka yule mama siwezi kukubali kwa moyo wote. Yupo anayepigwa nyuma ya kila ukuta ambao khalifa aliteremka.

Nilimwuliza baba, mwaka wake wa mwisho, kama aliwahi kuona kwa maiti kitu ambacho haikufaa kukizika. Alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Mara moja," akasema.

Nikangoja. Hakuendelea, na hakuniambia kama alisema au alinyamaza. Nilimwosha mwenyewe, na amri zote nilizifuata.

Mwezi uliopita yule mama alirudi. Fundi wake amehamia Korogwe. Kioo tena, cha simu nyingine, na safari hii kimepasuka kona moja tu kama kilichodondoka. Sikuuliza. Niliitengeneza mbele yake, naye ameketi kwenye benchi, mpwa wangu nimemtuma spiriti. Nilipofika kwenye kamera nilipiga picha ya feni, kisha nikamkabidhi simu juu ya meza.

"Fungua mwenyewe, dada, uone kama imetoka safi."

Akafungua. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko feni inavyohitaji.

"Nyumbani salama?" nikamwuliza. Ni salamu ambayo humuuliza kila mtu, mara 30 kwa siku.

"Salama."

"Mke wangu siku zote yuko nyumbani," nikasema. "Mlango wetu ni ule wa bluu karibu na bomba. Ukipita wakati wowote, hata usiku, piga hodi."

Hakujibu. Akatoa noti akazihesabu, nami nikazipokea zote, bila kupunguza. Alipofika mlangoni aligeuka, akaelekeza kidole juu.

"Feni yako ina vumbi, fundi."